Minus ya Mzee Kemboi

Ukimwita Wanjugu wa Bondeni aje kukupigia video ya harusi, jitayarishe kwa usumbufu mmoja. Kabla hajauliza bi arusi ni nani wala kanisa ni lipi, atauliza mashine ya kuonyeshea iko wapi, na atataka kuiona. Atakuja mpaka sebuleni kwako, apige magoti mbele ya televisheni, aigeuze mashine asome kibandiko cha nyuma, kisha atoe diski mkobani aanze kuzijaribu moja baada ya nyingine. Siku ya kuleta kazi ndiyo balaa zaidi, maana haondoki. Atakalia kiti chako na kunywa chai yako mpaka ajionee picha ikitokea na kusikia sauti. Siku hizi vijana humwambia, "Mathe, tutumie tu kwa simu," naye hutuma, halafu anakuja kuiona hiyo simu. Wengine husema uzee umeanza kumwingia. Wengine husema anatafuta chai.

Waache waseme. Jambo hili lina chanzo, na chanzo chake ni mzee mmoja wa Rongai aliyeitwa Kemboi.

Ilikuwa miaka ile ambayo harusi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka DVD itoke. Mtu angeweza kuchinja fahali na kualika kwaya tatu, lakini kama hakuna DVD, jirani aliyekosa kufika angesema hapakuwa na kitu. Wanjugu alikuwa msusi kabla ya hapo. Alisuka maharusi wa Nakuru mpaka vidole vikaota sugu, na kila Jumamosi aliachwa salonini akifagia nywele huku wengine wakienda kula keki. Siku moja akachoka, akauza viti na madraya yake, akanunua kamera na kompyuta. Tangu hapo hakuna keki iliyompita. Alikuwa na jicho zuri, mikono yake haikutetemeka, na alijua kumfanya mtu asahau kwamba anapigwa picha.

Shida ya kazi ile haikuwa kamera. Ilikuwa diski. Madukani ziliuzwa za aina mbili, na wote wenye kazi hiyo waliziita minus na plus, kwa sababu ya kialama kidogo kilichochapwa juu yake. Zote zilikuwa na umbo moja na mng'aro mmoja. Ukiziweka kwenye meza, hata aliyezitengeneza angehitaji miwani kuzitofautisha. Kumbe huko mbali makampuni yalikuwa yamegombana, kila upande ukatoa ya kwake, na ugomvi ule ukaja kuishia katika sebule za watu wasiowajua wagombanaji. Minus ndiyo iliyotangulia, na mashine nyingi za zamani hazikujua nyingine. Kutia video kwenye diski waliita kuandika, na plus iliandikwa upesi na haikuharibika njiani. Minus, katika kompyuta ya Wanjugu, ilitaka kuandikwa polepole, na ukiiharakisha unaitupa. Mafundi wa Nakuru walikuwa na msemo wao: plus kwa haraka, minus kwa heshima.

Basi siku moja ya mwezi wa kumi na moja akaingia binti mmoja kibandani kwa Wanjugu, mrefu, mikono imejaa makovu ya miiba. Aliitwa Jepkemei. Alikuwa akifunga mashada ya waridi katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha, na alipanga chumba kimoja huko Karagita. Alikuwa anaolewa na mwenzake wa kazini, na harusi ingekuwa huko huko Karagita, kwa sababu shamba lilikuwa limewapa siku chache tu na hakuna aliyejua kama wangepewa nyingine kabla ya maua ya siku ya wapendanao, mwezi wa pili, kusafirishwa.

"Baba yangu hawezi kufika," alisema. "Ako Rongai, alipooza, upande mmoja wa mwili hauko tena. Akiwekwa kwa gari anaumia sana. Sasa mathe, hizo zingine zote ukikosa ni sawa tu. Keki, kwaya, wageni, sijali. Mimi nataka baba aone."

"Ataona," Wanjugu akasema. "Hiyo wachia mimi."

Ahadi ni deni, na deni hili Wanjugu alilichukua akicheka.

Wiki moja kabla ya harusi alikwenda Rongai kupiga picha za baraka. Mzee Kemboi alikuwa ameendesha mashine ya kuvuna ngano maisha yake yote, kwa tajiri huyu na yule, na tajiri wa mwisho alipouza shamba na kuondoka, alimwachia mzee mashine ya DVD kutoka nyumba kubwa, nzito, ya rangi ya fedha. Mzee aliipenda kuliko kiti chake. Siku hiyo walimketisha mlangoni kwenye jua. Alimvisha Jepkemei sinendet, ule mmea wa baraka, shingoni kwa mkono wake mmoja mzima, akamnyunyizia maziwa, akanena maneno ambayo Wanjugu hakuyaelewa, ila aliona yalivyomliza kila aliyeyaelewa.

Walipomaliza, Wanjugu akaomba kuijaribu mashine. Alikuwa amebeba diski mbili. Akatia plus. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna diski. Akatia minus. Papo hapo kwaya ikaanza kuimba.

"Hii yenu inataka minus pekee," akamwambia Kipchirchir, kaka yake Jepkemei, aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Nitawatengenezea minus."

Mzee akauliza kwa ulimi wake mzito ni nini kimesemwa. Kipchirchir akamweleza kwa lugha yao. Mzee akacheka kwa nusu ya mdomo, akasema neno, na nyumba nzima ikacheka.

"Anasema mashine ni kama yeye," Kipchirchir akatafsiri. "Imezeeka, sasa inachagua chakula."

Wanjugu naye akacheka. Aliliandika neno hilo kwenye kiganja kwa kalamu, minus, asije akasahau. Na hakusahau. Angesahau, hadithi hii ingekuwa nyingine na yeye angelala usingizi.

Harusi ilikuwa nzuri. Mbele ndani ya kanisa waliacha kiti kimoja kitupu na juu yake wakaweka kofia ya mzee, ile ya kazi, yenye ukingo uliopaushwa na jua la mashamba. Ilipofika saa ya baba kusema, mshereheshaji akataka kuipita upesi, watu wasihuzunike. Wanjugu ndiye aliyekataa. Alisogea na kamera mpaka mbele ya bi arusi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ongea na yeye. Angalia hapa ndani ya hiki kioo. Huyu hapa baba yako, anakuona."

Jepkemei akatazama ndani ya kioo. Aliongea kwanza kwa lugha yao, kisha akahamia Kiswahili ili mumewe naye asikie.

"Baba, nimekuwekea kiti. Usiseme hukukuja. Nilipokuwa mdogo ulinibeba kwa ile mashine ya ngano, nikalala, na wewe ukaendesha kwa mkono mmoja ndio usiniamshe. Huo mkono bado uko. Ukiniona hapa, uinue. Mama ataniambia umeinua."

Wanjugu alilazimika kufunga jicho moja kwa sababu lile la kwenye kamera lilikuwa limeanza kuona ukungu. Alirudi Bondeni akijua kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kuliko ile.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili ni mwezi wa wazimu kwa watu wa video. Siku hiyo kibandani kulikuwa na wateja wa Lanet, watu wenye uwezo na maneno mengi, ambao walitaka nakala za kutosha kugawa kwa ukoo mzima, zote minus, maana walikuwa wameambiwa minus ndiyo ya heshima. Sanduku la minus lilikuwa limebaki moja, na dukani ziliisha tangu juzi. Wanjugu alikuwa amezipigia hesabu: zingewatosha wa Lanet na kusaza kidogo sana, kama hakuna itakayoharibika.

Kipchirchir akaingia akiwa na vumbi la safari. "Niaje mathe. Nimetumwa ile ya mzee."

"Iko tayari kwa kompyuta. Bado kuandika."

"Naweza ngoja. Gari ya Rongai bado ni mingi."

Aliyasema maneno hayo, na Wanjugu aliyasikia. Kijana alivuta hata kiti. Mezani palikuwa na mirundo miwili, minus mkono wa kulia, plus mkono wa kushoto. Kuandika minus ya mzee kungewasimamisha wa Lanet, nao walikwisha anza kutazama saa na kupumua kwa pua. Na kama ingeharibika, angepungukiwa. Mkono wa Wanjugu ukaenda kushoto.

Moyoni alisema neno moja: labda. Labda siku ile diski ya majaribio ilikuwa mbovu. Labda mashine itakubali. Lakini mtu anayejidanganya hujisikia, na Wanjugu alijisikia. Hakuwa mjinga na hakuwa amesahau. Alichukua plus akijua ni plus, akaiandika upesi, kisha akaibandika juu yake karatasi yenye picha ya Jepkemei akitabasamu na sinendet shingoni. Picha ilipendeza. Pia ilifunika kile kialama.

"Si nilikuambia hakuna haja ya kungoja," akamwambia Kipchirchir, akampa.

Kesho yake asubuhi Kipchirchir akapiga simu. Wale wa Lanet walikuwa wamerudi, wamekaa mbele yake wakikagua nakala zao.

"Mathe, hii kitu inasema no disc."

Wanjugu alifungua mdomo aseme kweli. Ilikuwa kweli fupi: nimekupa isiyo yake, irudishe nikupe nyingine. Lakini mama mmoja wa Lanet alikuwa ameinua uso akisikiliza, na kumbe Wanjugu alikuwa na jibu jingine tayari mdomoni, laini, lisilo na mfupa.

"Hiyo mashine yenu ni ya zamani, boss. Lenzi imeshika vumbi. Panguseni pole pole halafu mjaribu tena."

Wakapangusa. Kipchirchir akafungua mashine kwa bisibisi, akapuliza, akafunga. Ilipokataa, mama yake, Cheptanui, akaisugua diski yenyewe kwa dawa ya meno, kama kila mtu alivyofanya enzi zile diski ikikwama. Ikakataa. Kipchirchir akapiga simu tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha, na hiyo sauti ndiyo iliyomuuma Wanjugu zaidi.

"Pole kwa kukusumbua, mathe. Nafikiri mashine imekufa kweli."

"Nitawatumia ingine," akasema. "Msijali."

Na aliiandika, tusimwonee. Zile minus mbili zilizosazwa na wa Lanet, moja aliiandika taratibu, akiiangalia asilimia kwa asilimia, mpaka ikakamilika. Akaitia kwenye mkoba wake. Angeweza kumpa dereva yeyote wa Rongai siku ile ile, ikafika kabla ya chai ya jioni. Hakumpa. Alijiambia ataipeleka mwenyewe. Alijiambia kesho, na kesho yake akajiambia kesho.

Kazi zilikuwa nyingi, ndiyo, lakini si kazi zilizomzuia. Mashine ikiikubali diski hii kwa mara ya kwanza tu, kila mtu katika nyumba ile atajua kwamba haikuwa na vumbi wala haikufa. Atajua nani alikuwa mbovu. Kila alipouona mkoba alilifikiria jambo hilo, na kila alipolifikiria alipata sababu ya kwenda mahali pengine. Mara mbili alifika stendi ya magari ya Rongai, akasimama, akanunua ndizi, akarudi Bondeni. Aibu ya uongo mdogo ilimlinda asiutengue, na uongo ukaendelea kunenepa ndani ya mkoba pamoja na leso na funguo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Hawakusema tumbo la nani.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Kipchirchir alipiga simu. Wanjugu aliona jina, akavuta pumzi, akatayarisha udhuru.

"Mathe, mzee ametuacha," kijana akasema. "Mama anasema uje na kamera. Kuna watu wa kamera hapa Rongai lakini amekataa. Anasema wewe ndiye unatujua."

Alikaa chini kwenye sakafu ya kibanda chake.

Njia nzima ya kwenda mazishi alikuwa akipanga maneno. Alikuwa ameazimia kusema kila kitu, mbele ya mtu yeyote atakayekuwepo, na kama watamfukuza na kamera yake, wamfukuze. Kuamua hivyo kulimpa nafuu kidogo, na alijichukia kwa ile nafuu.

Alipoingia bomani alipita kando ya bustani ya sukuma wiki, karibu na tangi la maji. Kitu kilimetameta. Juu ya kijiti, kwa uzi, ilining'inia diski, ikizunguka kwenye upepo ili ndege wasile mboga. Upande mmoja ulirusha jua. Upande wa pili, umekwaruzwa na kufifia, alikuwa Jepkemei akitabasamu na sinendet shingoni. Ikageuka, akatoweka, ikageuka, akarudi.

Cheptanui alimpokea kwa mikono miwili na kumwingiza ndani, kwenye chumba cha televisheni, mbali na kelele za hema. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makavu ya mtu aliyekwisha lia.

"Chamgei, mama wa kamera. Umekuja."

"Nimekuja, kogo," Wanjugu akasema, akimwita nyanya kwa lugha yao. "Pole sana."

"Asante. Tulikusumbua na hiyo mashine."

"Kogo, hamkunisumbua..."

"Tulikusumbua. Mimi nilikuwa na hasira, nikasema huyu mama ametupatia kitu mbaya. Mzee akakataa. Alisema isisemwe hivyo tena kwa nyumba yake. Alisema mashine ni yake na ubovu ni yake." Alinyoosha kitambaa cha kufumwa kilichofunika mashine. "Kila jioni alikuwa anataka tuiweke. Inaleta ile rangi ya bluu tu. Anaangalia hiyo bluu. Anasema leo itakubali. Tukiona amelala, tunazima."

Maneno yote aliyoyapanga Wanjugu njiani yalimtoka kichwani. Kilichobaki ni mkoba. Akaufungua, akaitoa ile minus, nayo ilikuwa imeshika makombo ya biskuti. Akaipangusa kwa kanga yake.

"Jaribu hii, kogo."

Cheptanui alimtazama, kisha akapiga magoti mwenyewe, akafunua kitambaa, akaitia. Mashine ikanguruma kidogo. Haikufikiri hata. Kwaya ya Karagita ikajaa chumbani, na kanisa likatokea, na kiti chenye kofia.

Mjane akabaki pale sakafuni. Alitazama televisheni, akatazama mashine, akaweka kiganja juu yake kama anayepima homa ya mtoto.

"Kumbe ilikuwa mzima," akasema.

"Ilikuwa mzima, kogo." Wanjugu alibaki na mkoba wazi mkononi. "Nilijua inataka hii. Hata siku ile Kipchirchir alikuja, nilikuwa nayo kwa meza. Alisema atangoja. Nilimpatia ile ingine kwa sababu nilikuwa na haraka ya watu wengine. Halafu nikasingizia mashine. Halafu nikaogopa kuja. Hii imekaa kwa mkoba tangu mwezi wa kumi na mbili."

Alingoja. Alitaka kutukanwa. Kama Cheptanui angempiga kofi, angemshukuru. Lakini wakati huo bi arusi alikuwa amegeuka kwenye kioo na kuanza kuzungumza na baba yake. Cheptanui alisikiliza kwa mara ya kwanza maneno yale yote, ya lugha yao na ya Kiswahili, ya ngano na ya usingizi. Ukiniona hapa, uinue. Mama ataniambia umeinua.

Mlango ukasukumwa. Jepkemei alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka Karagita, na begi lingali begani, uso umevimba. Shamba lilikuwa limempa ruhusa kwa mazishi. Kwa simu nyumbani walikuwa wamemwambia tu kwamba DVD imefika, wakaogopa kumwambia mengine akiwa mbali nao. Alisimama mlangoni akijitazama kwenye televisheni, katika gauni jeupe, na hakuna mtu aliyekimbia kuizima.

"Alikuwa anaangalia?" akauliza.

"Kila jioni," Cheptanui akasema.

Hilo lilikuwa kweli.

"Na hapo nilimwambia ainue mkono. Aliinua?"

Wanjugu aliinamisha kichwa. Ile kweli aliyokuja nayo ilikuwa imesimama kooni mwake, nzima, tayari. Ingemtoa mzigo. Akaisikia ikipanda.

"Aliinua," Cheptanui akasema. Alisimama akijishikilia kwenye meza, akasimama kati ya binti yake na Wanjugu. "Hivi. Mpaka hapa. Nikamwambia teremsha utachoka, akakataa. Hata mama wa kamera nilimwambia. Si nilikuambia?"

Macho ya mjane yalikuwa yamemkazia. Hayakuwa na hasira wala huruma. Yalikuwa yanangoja.

"Uliniambia, kogo," Wanjugu akasema. "Aliinua."

Jepkemei akaangusha begi. Alimpita mama yake, akamkumbatia Wanjugu kwa nguvu zote za mikono ile yenye makovu, akalia begani mwake. "Asante, mathe," alisema. "Wewe ndiye ulinipeleka kwa baba. Mungu akubariki. Asante." Aliyarudia hayo mara nyingi. Wanjugu alisimama kama gogo na kila asante ilimwingia mahali pake. Maungamo aliyoyabeba kutoka Bondeni yalikuwa yamekwisha mikononi mwa mtu mmoja, na huyu begani mwake, aliyestahili kuyasikia kuliko wote, hatayasikia kamwe.

Alipiga picha za mazishi. Mikono yake haikutetemeka. Huo ndio ulikuwa ufundi wake na siku hiyo aliuona kama ugonjwa. Alipiga jeneza, na kofia juu ya jeneza, na Kipchirchir akishika jembe. Alipofika kwa Jepkemei hakumsogelea.

Jioni Cheptanui alimsindikiza mpaka langoni, kama ada ilivyo kwa mgeni. Walipita kando ya tangi. Diski ilikuwa bado inazunguka.

"Kogo," Wanjugu akasema, "niruhusu niitoe hiyo. Niende nayo."

"Iache. Hapo inafanya kazi."

Wakatembea mpaka kwenye lango. Wanjugu alijua lazima aseme kitu, na kila kitu alichokipata kilikuwa kidogo.

"Asante kwa kunificha," hatimaye akasema.

Cheptanui alifungua lango, akalishikilia apite. "Mimi sijakuficha," alisema. "Ile nilisema ni ya mtoto wangu. Wewe bado unajua, na mimi pia najua. Ukileta hii ya leo, usiitume na mtu. Uje nayo mwenyewe, uiweke mwenyewe, na ukae hapo chini mpaka ionekane."

Wanjugu aliileta kabla ya wiki kwisha, minus, akapiga magoti, akaiweka. Cheptanui alimpa chai, akaketi kando yake. Picha ilipotokea, mzee akiteremshwa kaburini na kofia yake, mjane aliitazama mpaka mwisho. Kisha akainua mkono wake mwenyewe, wa kulia, akauweka hewani kwa muda, akauteremsha.

"Imekubali," akasema. "Sasa nenda."